Isale la Satini

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa shati jipya la kaki nikaamriwa kuliharibu. Ilikuwa Moshi, miaka ya mwanzo ya Uhuru, katika ghala la zamani la kahawa karibu na stesheni ya reli. Kitengo kidogo cha filamu kilikuwa kimelikodi ghala hilo kiweke vyombo vyake. Mimi nilikuwa fundi cherehani niliyefundishwa kunyoosha pindo mpaka mtu aone haya kulikunja. Nililigeuza shati lile mkononi, nikamtazama aliyenipa, nikadhani ananijaribu akili.

Alikuwa msimamizi wa ghala, tukimwita Bwana Stoo, mtu mfupi mwenye sauti ya kuhubiri.

"Fundi, shati hili linavaliwa na mkulima aliyeanza kulima alfajiri," akasema. "Mbona linanukia duka?"

"Ni jipya, mzee."

"Ndiyo kosa lake."

Akanifundisha kuchakaza. Ninyi vijana mnanunua suruali zikiwa zimeshachanika magotini, kwa hiyo hamtaelewa jinsi roho ilivyoniuma. Nguo huchemshwa kwenye maji ya majani ya chai ili weupe ufe, kisha husuguliwa kwa jiwe la mtoni. Lakini haisuguliwi ovyo. Jasho huanza shingoni, kisha kwapani. Uchafu hufuata mkono, na mkono una njia zake: mfukoni, pajani, pale mtu anapojifuta baada ya kula. Ukipaka vumbi kila mahali sawasawa, mtazamaji atajua anadanganywa hata kama hawezi kusema ni wapi. Jioni ile nilirudi chumbani kwangu Majengo nikiwa na kucha za kahawia, na nilijiona kama mwalimu aliyelipwa afundishe makosa.

Mavazi ya mchezo huitwa maleba, na mshona maleba ni mtu asiyeonekana. Fundi wa kawaida hukutana na suti yake kanisani Jumapili, akamnong'oneza jirani, "Ile nimeshona mimi." Kazi yangu ikiwa nzuri hakuna anayejua kwamba kulikuwa na kazi. Hilo nililipenda nilipokuwa kijana, kwa sababu nilikuwa na kiburi cha kimya. Baadaye lilinichosha.

Baada ya muda nilihamishiwa Dar es Salaam, chini ya Mkuu wa Maleba, mama mkali aliyenifundisha kuona bila rangi. Filamu zetu wakati ule zilikuwa nyeusi na nyeupe, na kitambaa chekundu cha kuvutia hutokea kwenye picha cheusi kama chungu. Aliniagiza nifumbe macho nusu kila ninapochagua kitambaa, nikitafute kivuli chake. Nilizoea hivyo hata nikawa natazama watu hivyohivyo.

Nikiwa huko, mama yangu akafariki kwetu Machame, mlimani. Simu ya maandishi ilinifikia nikiwa kwenye upigaji picha Morogoro, na basi nililopanda likaharibika njiani. Nilipofika nyumbani, udongo ulikuwa umeshasawazishwa na masale yameshapandwa kaburini. Kaka yangu Elinami, mzaliwa wa kwanza, hakunisubiri. Mbele ya watu wote waliokaa migombani nilimwuliza alikuwa na haraka ya nini, au aliogopa nitadai kihamba, shamba la ukoo. Naye akanijibu, "Wewe rudi kwenye sinema zako. Huku tunazika watu wa kweli." Nikashuka mlima siku ileile.

Asiyejua Uchagani aelezwe. Isale ni mmea wa majani marefu, mabichi mwaka mzima, unaopandwa mipakani na makaburini. Ukitaka amani na mtu, unakata jani lake, unalifunga fundo, unampelekea. Akilipokea mkononi hawezi tena kukukatalia. Hata aliyeua aliweza kulipeleka. Basi mimi nilisubiri kaka aniletee, maana yeye ndiye aliyemfukia mama bila mimi. Yeye alisubiri nimpelekee, maana nilimwaibisha mbele ya ukoo. Masale yalikuwa yamejaa kote mlimani, na hakuna aliyekata hata moja.

Niliomba kurudishwa Moshi, nikakubaliwa. Watu walidhani nimerudi kwa ajili ya nyumbani. Nilikaa mjini, chini, na asubuhi zenye anga safi niliweza kuona miteremko ya kwetu nikiwa napiga mswaki. Desemba ndiyo ilikuwa mbaya. Kila Mchagga popote alipo hupanda nyumbani kwa Krismasi, na mabasi hupita na mizigo juu mpaka mji unabaki na walinzi na mbwa. Mimi nilikaa chumbani nikipiga pasi nguo zisizokuwa na haja ya pasi. Sikuoa. Nilimwomba Bwana Stoo, ambaye kwa umri alikuwa kama baba, aende kwa kaka akaninenee. Alitikisa kichwa. "Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime," akasema. "Mimi nina shamba Chekereni, Anaeli. Niache nikalime."

Ndipo ikaja filamu ya Ngao. Ilikuwa baada ya Azimio la Arusha, wakati kila filamu ilihusu kijiji, kisima na mkutano, na watu walikuwa wameanza kusinzia. Mwongozaji mpya, Mnyamwezi mwembamba kutoka Tabora, alikuja na wazo lake. Kijana wa mlimani anakunywa maji ya chemchemi iliyo ukingoni mwa msitu, anapata nguvu zisizo za binadamu. Anainua lori lililokwama Himo. Anapasua mwamba maji yashuke mpaka tambarare. Jina lake ni Ngao, na angepigwa picha za rangi, za kwanza kwangu. Mimi nilipewa kazi ya kumvika.

Tuligombana tangu mchoro wa kwanza. Nilimchorea Ngao koti la kaki la kuchumia kahawa, suruali yenye kiraka gotini na mkanda wa maganda ya mgomba yaliyosokotwa. Mwongozaji aliuangalia mchoro kwa heshima, kisha akaurudisha mezani.

"Fundi, huyu ni nani?"

"Ni Ngao. Mtu wa hapa. Ukimpita njiani unamsalimia."

"Hilo ndilo linanisumbua. Watu wametoka migombani na makoti ya namna hii, wametembea na watoto mgongoni waje kuona sinema. Unataka wakute koti lao limefika kabla yao?"

"Ukimvika vitu vya kung'aa watasema ni wa sarakasi."

"Waache waseme. Kisha wataota usiku kwamba wamevaa wao."

Alitaka joho la satini ya buluu linalopeperuka, fulana nyeupe, suruali ya kubana na buti ndefu. Nilimwambia joho litanasa kwenye mibuni, na kweli lilinasa siku ya kwanza, Ngao akabaki akining'inia kama kuku sokoni. Suruali ya kubana nayo ilichanika msambani alipoinama kuinua lori, wapagazi wa Himo wakacheka mpaka wakakaa chini. Nikaongeza kipande cha kitambaa kinachonyumbuka pale kwenye msamba, nikapunguza joho liishie kiunoni, nikalitia bitana nzito lianguke vizuri. Mwongozaji akakubali kiraka cha gotini, mradi kiwe cha rangi nzuri. Tulikuwa tunavutana hivyo, kila mtu na upande wake wa kitambaa, na nakiri nilianza kumpenda.

Kisha akataka alama ya kifuani. Yeye alifikiria radi. Mimi nikamwambia, isale.

Nilimweleza desturi yetu. Katika hadithi kulikuwa na mahali ambapo majirani wawili wanagombea mfongo, mfereji wa maji ya zamu, na Ngao anawatenganisha kwa kuwarusha mmoja huku mwingine kule. Nikasema mlimani hakuna atakayeamini kwamba ugomvi wa mfongo uliisha kwa kurushana. Ngao abandue isale kifuani kwake, ampe aliyekosewa kwa niaba ya mkosaji. Mwongozaji alisimama, akazunguka meza, akanishika mabega. "Nguvu zote zile," akasema, "halafu jani!"

Sikumwambia lililobaki. Filamu ingeonyeshwa vijijini kwa gari la sinema, na kijiji kimojawapo kilikuwa chetu. Nilitaka kaka alione jani lile. Nilitaka alione likitoka kwangu bila mimi kulazimika kupanda ule mteremko nikiwa nimelishika, watu wakinitazama. Kwa jambo lolote lingine kuhusu vazi lile ningeweza kushindwa na bado nikalala usingizi.

Nikakata isale bichi, nikalishikiza kifuani mwa Ngao kwa uzi. Kufikia saa sita mchana jua lilikuwa limelilegeza. Filamu haipigwi kwa mfuatano wa hadithi, na tulipolinganisha picha, Ngao aliingia mlangoni na jani lililosimama akatokea upande wa pili na jani lililolala. Tukabadilisha jani kila mara, lakini hakuna majani mawili yanayofanana.

"Shona la satini," akasema Mwongozaji.

"Isale halishonwi, Bwana Mwongozaji."

"Kwenye picha litaonekana isale kuliko isale lenyewe."

Nilibisha siku nzima, kisha nikashona, kwa kuwa filamu ilikuwa yake na ndani ya filamu alisema kweli. Nilichukua satini za kijani za aina mbili, nikatia waya mwembamba katikati ili lisimame, nikaficha mshono ndani ya mstari wa jani. Sijawahi kushona kitu kizuri zaidi. Kwenye picha lilionekana limekatwa asubuhi ileile na umande haujakauka.

Gari la sinema lilifika kijijini kwetu msimu wa baridi. Kitambaa cheupe kilitundikwa kwenye uwanja wa shule, na giza lilipoanza kuingia watu walikuwa wameshajaa mpaka kwenye ukingo wa barabara. Mimi nilikwenda na sanduku la maleba, maana baada ya onyesho wanakijiji waliruhusiwa kuona vazi. Joho lilipopeperuka watoto walipiga kelele. Mwongozaji alikuwa sahihi, watu walilitaka lile joho. Lakini Ngao alipobandua jani kifuani na kumnyooshea mzee aliyekosewa kwenye mfongo, niliona wazee wakivua kofia.

Watu walipoanza kutawanyika, kaka Elinami alikuja mpaka kwenye gari. Alikuwa ameota mvi.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba." Hakuninyooshea mkono. "Lile jani. Naweza kulishika?"

Nikafungua sanduku, nikampa. Alilipokea kwa mikono miwili, kama linavyopokelewa isale. Akapitisha kidole gumba juu yake taratibu, kutoka shina mpaka ncha. Kisha akalikunja kidogo, nalo likabaki limekunjika vile alivyoliacha.

"Ni satini," akasema.

"Satini, kaka."

"Na ndani?"

"Waya."

"Limeshonwa vizuri. Sijauona mshono." Akalinyoosha, akanirudishia. "Nilidhani ni lenyewe."

Akawasha tochi yake akaondoka. Nyuma ya gari, hatua chache tu, ulikuwa ua wa shule, na ua ule wote ni masale. Ningeweza kunyoosha mkono nikakata moja nikamkimbilia. Nilikunja joho, nikafunga sanduku. Nilikuwa nimeona haya, na pia nilikuwa na hasira kwamba kidole chake kimegundua nilichokificha. Asubuhi tulielekea Himo.

Mliobaki kwenye kazi hii mtaniuliza basi ni kipi bora, vazi la kweli au vazi la kupendeza. Nilikaa kazini mpaka vitambaa vilipoadimika madukani na kitengo chetu kikakosa hata filamu ya kupigia picha, nikastaafu nikiwa na swali lilelile. Naamini Mwongozaji alijua sinema kuliko mimi. Chakaza mahali panapohitaji kuchakazwa, ng'arisha mahali ambapo mtu anahitaji kuota. Ila vipo vitu ambavyo ukishavishona vimekuwa vingine, na hapo hata fundi mzuri hana la kufanya. Vazi la Ngao liliraruliwa na panya ghalani. Jani lilibaki zima, la kijani kibichi, na sikulichukua.

Kaka sasa amelala migombani karibu na mama, na mimi nimebaki na mibuni yake na ukimya wa nyumba hii. Tulipata misimu miwili tu ya kahawa pamoja. Nilipanda mlima mwezi ule niliostaafu. Kwa desturi ningetanguliza mzee wa ukoo, lakini wazee walionijua walikuwa wameisha. Nilikata isale kwenye mpaka wa kihamba, nikalifunga fundo, nikaingia uani. Kaka alikuwa ameketi kando ya kahawa iliyoanikwa, macho yake meupe kwa mtoto wa jicho.

"Ni nani huyo?"

"Ni Anaeli."

Nikapiga magoti, nikaliweka jani mikononi mwake. Alilipapasa. Akafungua fundo, akapitisha kidole gumba kutoka shina mpaka ncha, akalichana ukingoni kwa ukucha, akanusa. Kisha akalikunja, akaliachia, nalo likajinyoosha lenyewe.

"Umechelewa," akasema.

"Na wewe, kaka."

Akalikunja tena, polepole, akiwa ameinamisha sikio kana kwamba anasikiliza. Mkono wake mwingine ulitafuta kichwa changu, ukakipata.

"Hili halina waya," akasema, akanisogezea kigoda.