Kumsindikiza Upepo

Siku Idrisa alipoleta mzoga wa gari uani, mkewe Maua aliuliza swali moja tu: litakaa siku ngapi? Idrisa akajibu, si nyingi. Mwanamke aliyeishi na fundi bodi miaka yote ile alipaswa kujua kwamba "si nyingi" ya fundi haina mwisho, lakini siku hiyo alikuwa na mapishi ya watu, akaacha lipite. Nalo likapita, likatulia. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Gari lile lilivuka mwaka, na jembe halishiki.

Idrisa ni mtu wa Tabora mjini, na gari likigongwa hapa mjini huletwa kwake limekunjamana kama karatasi. Atalinyoosha kwa nyundo, atalipaka puti, atalisugua, na likitoka hapo hata mwenyewe haoni pa kuonyesha kidole. Kazi hiyo ameifanya tangu ujanani na imemtosha. Basi siku moja mteja mmoja, akisubiri rangi ikauke, akamwonyesha kwenye simu mbio za magari za kule Ufaransa, zile za kutwa kucha, madereva wanapokezana na gari halipumziki. Nani anaongoza, Idrisa hakujali. Yeye aliangalia bodi: pua pana iliyoinama, tumbo karibu liguse lami, mgongoni pezi limesimama wima, na nyuma mkia mrefu usio na sababu. Mteja alipoondoka, mwenzetu alikuwa ameshaharibika. Kipenda roho hula nyama mbichi.

Tangu hapo bando lake lote la simu likaishia huko. Akajifunza kwamba yale magari ni haibridi: injini ya petroli inasukuma kwa nyuma, mota ya umeme inavuta kwa mbele. Dereva akikanyaga breki, mota inageuka dinamo; ule mwendo ambao kwako wewe na mimi ungeishia kuunguza breki, unakamatwa na kuwekwa kwenye betri, na akitoka kwenye kona anarudishiwa. Haba na haba hujaza kibaba. Akajifunza pia kwamba upepo unaopita chini ya gari ukibanwa huenda mbio zaidi, na ukienda mbio hulivuta gari chini lishike barabara. Hili la pili lilimshangaza kabisa, maana yeye siku zote alidhani gari hukaa chini kwa sababu ni zito.

Ndipo akanunua ule mzoga, kigari cha Kijapani cha haibridi kilichokuwa kimepinduka. Bodi ilikuwa ya kutupa, ila injini na mota vilikuwa hai. Betri akampa Reveriani Manirambona, fundi umeme wa magari, mzaliwa wa Ulyankulu, mtu asiyekosa misa ya Jumapili wala neno la kusema. Reveriani akaifungua, akatoa seli zilizokufa, akapachika nzima. Idrisa akafinyanga bodi mpya kwa faiba na mabati ya basi kuukuu. Pua peke yake aliisugua mpaka Maua akasema laiti yeye angekuwa boneti.

Mara ya kwanza walilipeleka Itetemia, pembeni mwa mji, tumbo limelala chini kama yale ya Ufaransa. Idrisa alikuwa amefikiria kila kitu isipokuwa matuta ya barabarani. Tuta la kwanza lilichukua sakafu yote ya chini, wakarudi nayo begani, watu wakiuliza kama wanauza meza. Akaliinua gari kidogo, mvuto ukapungua, akajiambia huku kwetu si Ufaransa na wao hawana matuta.

Basi, shemeji yake Tunu, dada mkubwa wa Maua, akaja kutoka Tura, mbali huko mashariki, kukaa nao kwa muda. Usiku wa kwanza, wali umeshuka vizuri, Idrisa akajisahau. Akasema gari lake likikamilika litakwenda Tura na kurudi kwa dumu moja la lita tano.

Tunu alicheka mpaka akaomba maji. "Shemeji, unajua Tura maana yake nini? Wazee wanasema ni Kinyamwezi, tua. Wapagazi wa misafara walikuwa wakifika pale wanatua mizigo. Na wewe jeneza lako hilo utalitua palepale."

"Litarudi," Idrisa akasema.

Maua alikuwa anakusanya sahani. "Baba Nassibu," akasema, "umesema mbele ya dada yangu. Dumu moja, kwenda na kurudi. Likirudi nitalipanda, nikae kama bibi harusi, mji mzima unione. Likirudi limevutwa kwa kamba, unalikata vipande na mimi napata uwanja wangu."

Ule uwanja Idrisa alijua anadaiwa. Zamani Maua alikaa pale na wenzake jioni, wakisuka mikeka na kusema watu; sasa wenzake wanakaa kwa jirani. Lakini kulikata lile gari, Idrisa alihisi ni kama kuambiwa akate mkono. Ahadi ni deni, akakubali.

Majaribio yakaanza, na yakawa mabaya. Nusu dumu iliisha mapema mno. Reveriani akaapa betri ni nzima, kasoro ni mguu wa dereva. "Kaka, unakanyaga breki kama umeona chui. Kanyaga mapema, polepole, dinamo ipate kula." Idrisa akajifunza kukanyaga polepole, mafuta yakasogea mbele kidogo, lakini Tura ilibaki mbali.

Akakumbuka kitu alichokiona kwenye simu. Akachukua nyuzi za sufu kwenye kikapu cha Maua, akazibandika gari zima kwa gundi ya karatasi zimwonyeshe upepo unavyopita, Reveriani akalifuata kwa pikipiki ya kukodi, amepakiwa nyuma, anapiga video. Walipoitazama, nyuzi za puani zilikuwa zimelala vizuri, zote zinatazama nyuma. Za mgongoni vilevile. Za kule nyuma kabisa zilikuwa zinacheza ngoma. Nyingine zilijikunja zikatazama mbele, kama vile gari linarudi kinyumenyume.

"Gundi mbovu," akasema Reveriani.

"Gundi ni ileile," Idrisa akajibu, na asielewe.

Gari lile halikuwa na mkia, lazima niseme. Lilikatwa wima nyuma ya magurudumu. Mkia wa wale wenzake wa Ufaransa, Idrisa aliuona kuwa ni madaha ya matajiri tu, na hata kama angeutaka, pa kuuweka hapakuwepo. Nyuma ya gari likiwa uani, sentimita chache tu, palikuwa na jiko la Maua, mafiga na kibanda chake cha bati.

Siku Tunu alipoondoka kurudi kwao, Idrisa alikuwa chini ya gari. Akasikia kwa heri, akajibu kwa heri akiwa hukohuko chini, miguu tu ndiyo inaonekana. Maua akamsindikiza dada yake mpaka stesheni. Aliporudi akasimama karibu na ile miguu.

"Toka huko nikuone."

Idrisa akatoka, uso umejaa grisi.

"Dada yangu alipokuja ulimpokea mlangoni, karibu shemeji, karibu shemeji, begi ukalibeba wewe. Leo ameondoka hukunyanyua hata kichwa. Mgeni gani anapokelewa hivyo halafu anaachwa ajiondokee kama amefukuzwa? Ameniuliza njia nzima amekosa nini."

Idrisa aliona aibu, aibu ya kweli. Akafungua mdomo kuomba radhi, ukabaki wazi, macho yameganda nyuma ya gari. Upepo naye, Idrisa alikuwa amempokea vizuri sana kwenye pua ya gari, akampitisha ubavuni kwa adabu, kisha kule nyuma akamwacha ghafla. Hana pa kushika, anajikunja, anazunguka, analishika gari shati. Mkia wa wale wenzake haukuwa madaha. Ulikuwa wa kumsindikiza mgeni.

"Umenisikia?" Maua akauliza.

"Nimekusikia, Mama Nassibu. Nimekosa, na dada nitamwomba radhi mwenyewe, kwa miguu yangu." Alisema kwa moyo wote. Kisha, mtu asiye na akili timamu, akaongeza: "Nakuomba na kona ya jiko."

Maua alimtazama, akaingia ndani, akafunga mlango. Reveriani alipoelezwa habari za mgeni na mkia alikuna kichwa, akasema jambo lina mantiki, ila yeye akiwa Idrisa angelala gereji.

Asubuhi Idrisa akakuta mafiga yamehamishwa upande wa pili, chini ya dirisha, na kibanda cha bati kimeegeshwa ukutani. Maua anakoroga uji, hamtazami.

"Usinishukuru," akasema. "Nataka nikushinde kwa haki. Sitaki useme ulishindwa kwa sababu ya jiko langu."

Idrisa alisimama pale na mswaki mdomoni, akampenda mkewe upya.

Akaufanya mkia, mrefu, unaopungua taratibu mpaka unakuwa mwembamba. Juu yake akasimamisha pezi, upepo wa ubavuni usilizungushe gari. Watoto wa mtaa wakaliita Kenge. Nyuzi zikabandikwa tena, na safari hii zililala zote, mpaka ya mwisho kabisa ncha ya mkia. Idrisa aliitazama ile video mara nyingi kuliko picha za harusi yake.

Siku ya siku ikafika. Maua mwenyewe ndiye aliyelimimina dumu, tangi likiwa tupu, Reveriani shahidi. Mafundi wakaondoka asubuhi, wakashika lami ya mashariki, njia ya wapagazi wale, miombo kushoto na kulia. Kenge aliteleza. Mteremko ukija Idrisa anagusa breki mapema, anakusanya umeme. Kilima kikija mota inamrudishia. Kelele za upepo alizozizoea nyuma ya kisogo hazikuwepo. Hata Reveriani alinyamaza, na hilo halijawahi kuandikwa popote.

Tura walifika na petroli zaidi ya nusu. Idrisa akaenda moja kwa moja kwa Tunu, akachuchumaa mbele yake, akasema, "Shemeji, nilikukosea. Sikukusindikiza." Tunu akacheka, akamwambia ainuke, yamekwisha. Akawapikia, wakala. Wakati wa kuaga akatoka na gunia la karanga, kiroba cha viazi na jogoo.

Reveriani akamvuta Idrisa shati. "Kaka, uzito. Hesabu yetu haina karanga."

"Zawadi ya kusindikizwa utaikataaje?" Idrisa akamnong'oneza. "Na mimi nimekuja kuomba radhi kwa hilohilo."

Gunia likaingia, kiroba kikaingia, jogoo akapakatwa na Reveriani. Gari likashuka chini kidogo kwa mzigo, Tunu akawasindikiza mpaka barabarani, akapunga mkono mpaka walipopotea.

Petroli iliisha mji ukiwa umeshaonekana. Injini ikakohoa, ikazima, na Kenge akaendelea kwa betri peke yake, kimya, jua la alasiri limeshalegea. Idrisa alikuwa anapumua kwa tahadhari, kana kwamba pumzi nazo zinakula umeme. Wakapita stendi. Wakaingia mtaani kwao. Hapo kona ya duka, ukuta wa nyumba unaonekana, mlango wake wa kijani unaonekana, taa za dashibodi zikafifia na gari likasimama.

Jogoo akakohoa.

Idrisa akashuka. Muungwana akivuliwa nguo huchutama, naye hakutafuta sababu. Maua alikuwa ameshatoka, anakuja na kanga yake begani, majirani nyuma yake. Idrisa akamwambia, "Umeshinda, Mama Nassibu. Kesho nalikata." Akageuka kando.

Maua akalizunguka gari. Akachungulia ndani, akaona gunia. "Hizi karanga za nani?"

"Za dada yako. Na viazi. Na jogoo."

"Ukazibeba na dumu langu moja?"

"Ningekataa zawadi ya dada yako?"

Maua akaweka mkono kwenye mkia, akaupapasa mpaka mwisho wake, mara ya kwanza tangu utengenezwe. "Kamba iko wapi?" akauliza.

"Kamba gani?"

"Iliyowavuta."

"Hakuna aliyetuvuta," akasema Reveriani upesi. "Tumekuja wenyewe, shemeji."

"Mimi nilisema likirudi limevutwa kwa kamba. Sioni kamba. Nilisema pia likirudi nitalipanda." Akakunja kanga yake kiunoni. "Nifungulie mlango, Baba Nassibu, watu wanatazama."

Mlango wa lile gari hufunguka kwenda juu, na kiti kiko chini sana. Maua aliingiza mguu mmoja, akautoa, akaingiza mwingine, majirani wakitoa ushauri, mwisho akaingia kinyumenyume na kukaa. Akapokea jogoo, akampakata. Akanyoosha shingo, kweli kama bibi harusi.

"Haliendi, mke wangu," Idrisa akasema. "Limekwisha nguvu."

"Ninyi je, mmekwisha?"

Basi mafundi wawili wakaenda nyuma, wakaegemeza mikono kwenye mkia. Majirani wakaongezeka, mmoja akaingiza mkono kushika usukani, mwingine akapiga kigelegele, na Kenge akaanza kusogea.

"Taratibu," Maua akaagiza kutoka ndani. "Mnasindikiza mgeni."

Idrisa akasukuma, anacheka na machozi yanamtoka, mpaka gari lilipoingia uani na mkia ukalala kwenye kona iliyokuwa jiko.