Kigae cha Bibi Ukucha

Yatakayosimuliwa hapa ni kweli tupu, na anayebisha aende akaugonge mtungi mwenyewe. Uko uani, mkubwa kiasi kwamba mtu mzima anaweza kujificha ndani yake na kofia yake kichwani. Mwandishi ameuona kwa macho yake mawili, ambayo tangu astaafu hayana kazi nyingine.

Saa kumi na moja alfajiri Binti Gunzi yuko uani anakanyaga udongo. Nguo ameikunja magotini. Kisigino kinatangulia, vidole vinafuata, na udongo unalia chini yake kama mtu anayetafuna muwa bila adabu. Akigusa kijiwe anainama, anakitoa, anakitupa nyuma ya bega bila kutazama. Ukuta wa nyuma umejaa madoa.

"Macho hudanganywa," anasema. "Unyayo haudanganyiki."

Jina lake lisimpotoshe msomaji. Binti huyu ana miaka hamsini na miwili, na mvi zake hazifichi. Anaitwa hivyo kwa sababu ya mama yake, Bibi Gunzi, mfinyanzi aliyekuwa akizungusha gunzi la mahindi shingoni mwa kila mtungi ungali mbichi, likaacha safu ya vidoti. Kabla yake alikuwapo mama yake mzazi, Bibi Ukucha. Alama ya huyo ilikuwa mikato ya ukucha wa kidole gumba, mfano wa mwezi mwandamo.

Katika ukoo huu hakuna anayeandika jina kwenye mtungi. Alama ndiyo jina. Na Bibi Ukucha aliacha sharti moja: binti atatumia alama ya mama yake mpaka siku atakayofinyanga mtungi ambao mama huyo asingeuweza. Mpimaji ni mama mwenyewe, tena kwa kinywa chake.

"Ndiyo maana nimezeeka nikiwa mtoto," anasema Binti Gunzi.

Kwa zaidi ya miaka thelathini mitungi yake imekwenda nyumba kwa nyumba, na mwenye nyumba akisifiwa maji baridi hujibu kwamba huo ni mtungi wa Bibi Gunzi. Ndoo za plastiki zilipojaa sokoni, mitungi ikawa inarudi nyumbani kama ilivyokwenda, ni yeye aliyehangaika, akageukia vyungu vya maua, watoto wakaendelea na shule. Jasho lake, sifa za gunzi.

Kila alipompelekea mama yake mtungi mpya, bibi aliugonga kwa kifundo cha kidole, akatega sikio, akatoa hukumu ile ile: "Huu ningeufinyanga nimelala." Siku moja ulitoka mzuri kupita kiasi. Bibi akaongeza: "Tena usingizi mzito."

Mwaka huu Bibi Gunzi aliugua. Alipona, lakini vidole havikunjiki vizuri tena, na akivuka ua huhema. Hapo hofu ikamwingia binti yake. Mama akiondoka bila kutamka, hakuna mwingine duniani wa kutamka.

"Ningekufa na jina la kuazima," anasema. "Na binti yangu ameshaanza kufinyanga vikombe. Akija kuniomba alama, ningempa ya nani?"

Akaamua kufinyanga mtungi mkubwa kuliko wote waliowahi kutoka ukooni.

Wa kwanza ulikaa chini. Kwa pupa yake alipandisha kuta zote siku moja, tumbo halijashika, na mtungi ukajikunja taratibu mbele ya macho yake kama mgeni aliyechoka kusimama. Wa pili ulisimama vizuri, ukapasukia motoni kwa kishindo kilichowafanya kuku wa jirani wagome kutaga wiki nzima. Bibi Gunzi aliomba chai.

Dawa ya mtungi mkubwa inajulikana. Vigae vya mitungi ya zamani husagwa, unga wake ukachanganywa na udongo mpya. Kilichokwisha kuungua hakiogopi moto, kwa hiyo humshika mkono mwenzake. Binti Gunzi alimwomba wifi yake, mke wa kaka yake, asage kila kigae atakachokiona uani. Yeye akaenda bondeni kuchimba udongo.

Wifi ni mtu wa mizaha, ila kazini hana mzaha. Alisaga vigae vya nyuma ya choo, akasaga walivyonyweshea kuku, akasaga kilichokuwa kikizuia mlango. Mfinyanzi hulia gaeni, walisema wahenga, na katika nyumba hii si msemo, ni sahani. Bibi Gunzi amekuwa akila juu ya kigae kipana, kipande cha mwisho kilichobaki cha mitungi ya Bibi Ukucha, chenye ile mikato pembeni. Siku hiyo kilikuwa kimeoshwa, kimeanikwa juani.

Wifi akakisaga.

Alikuja kugundua siku ya pili, alipokwenda kumpakulia mama mkwe wake chakula cha mchana. Udongo ulikuwa umeshachanganywa, na tumbo la mtungi limeshaanza kupanda. Akatafuta sahani ya bati, akaipeleka.

Bibi aliipapasa. "Kigae changu kiko wapi?"

Wifi alinyoosha kidole kuelekea kwenye mtungi. Anasema moyoni alikuwa ameshafunga mizigo ya kurudi kwao.

Bibi Gunzi hakufoka. Angefoka ingekuwa nafuu. Alisukuma sahani kando. "Basi mama yangu yumo humo," alisema. "Mkimpasua, msiniite."

Tangu saa hiyo akawa anakula kwenye kifuniko cha sufuria, na bati hakuligusa.

Binti Gunzi akawa mtu mwingine. Pupa ikamwisha. Alipandisha ukuta kidogo, akaufunika kwa matambara mabichi, akasubiri ushike, ndipo akaongeza. Alipofika shingoni alilichukua gunzi, akalitazama, akaliweka chini. Shingo akaiacha tupu.

Wifi akamwonya kwamba mtungi usio na alama ni yatima. Alama huwekwa kwenye udongo mbichi. Moto ukishapita, umepita.

"Nilisema kama ni kuanguka, nianguke mwenyewe," anasema Binti Gunzi. "Gunzi la mama lisiaibike kwa ajili yangu."

Siku ya kuchoma, majirani walijaa. Mwandishi, ambaye naye ni jirani wa ukuta kwa ukuta, alitangaza mbele ya watu kwamba mtungi utapasuka, na usipopasuka atakanyaga udongo wa ujao. Kwanza uliwashwa moto mdogo ndani ya tumbo, kuufukuza unyevu. Kisha zikapangwa kuni na nyasi kavu, mtungi ukamezwa wote.

Moto ulipolala hakuna aliyesogea. Binti Gunzi alipangusa jivu kwa tawi. Mtungi ukajitokeza mwekundu, na doa jeusi la moshi begani, mzima.

Bibi Gunzi alikuja bila kuitwa, mkono mmoja ukutani. Akaugonga kwa kifundo. Mtungi ukalia, mlio mrefu ambao mwandishi bado aliusikia akila chakula cha jioni. Akagonga tena upande wa pili. Akapapasa shingo, akakuta laini.

"Umemtoa uchi."

"Nimekuachia wewe useme, mama."

Bibi aliegemeza kiganja kwenye tumbo la mtungi, lililokuwa bado na uvuguvugu. "Kile kigae nilitaka kukisaga nikiwa na nguvu zangu, nijenge mtungi kama huu," alisema. "Kila nikishika jiwe, mkono unakataa." Akavuta pumzi. "Huu nisingeuweza."

Wifi, aliyekuwa amejificha nyuma ya mlango, ndiye aliyepiga kigelegele cha kwanza, kikubwa kuliko hatia yake.

Kesho yake Binti Gunzi alimaliza mtungi wa kawaida. Akaokota kigae cha ule uliompasukia motoni, akazungusha ukingo wake shingoni mwa mtungi mbichi. Ukabaki mstari wenye mikwaruzo, hapa kina, pale juujuu. Sokoni mteja wa kwanza aliuliza ni mtungi wa nani.

"Nikamjibu, wangu. Nikawa nalirudia neno hilo njiani, mpaka nikapita nyumbani kwangu bila kujua."

Sasa wanamwita Mama Kigae. Mtungi mkubwa hauuzwi. Bibi Gunzi hula ameuegemea.

Makala haya yalisomwa uani kabla ya kupelekwa gazetini. Msomaji alikuwa wifi. Alifika penye maneno ya mtu mzima na kofia yake, akaomba mwandishi asimame kando ya mtungi. Ulimfika kitovuni. Wakamwambia aingie. Aliingiza mguu mmoja mpaka pajani, ukakwama, akatolewa na watu wawili na kofia ikaangukia ndani.

Kwa hiyo leo alfajiri mwandishi amekanyaga udongo, kwa nadhiri yake na kwa uongo wake, Bibi Gunzi akimkumbusha kwamba kisigino ndicho hutangulia. Mama Kigae amekaa pembeni, anakadiria kwa mikono mtungi ujao.

"Kanyaga vizuri, jirani," anasema. "Huu nitaufanya mkubwa, uingie mzima, na kofia yako. Nataka makala yako yawe kweli."