Matundu Chini ya Milango ya Pijo

Mume wangu Hatibu alikuwa fundi bodi hapa Kambarage, mjini Shinyanga, na nitamsifu mimi Mwaisha kwa sababu yeye hakujua kujisifu. Alikuwa akigonga bati la gari kwa kifundo cha kidole, anasikiliza, kisha anakwambia kutu imefika wapi kabla hajakwangua hata rangi. Nyumbani aligonga mpaka sufuria zangu, nikamfukuza jikoni.

Oktoba mwaka 1976 Madhuben, mjane wa Bwana Suresh muuza vitambaa, alileta gari la marehemu, Pijo 403, likivutwa kwa kamba. Lilikuwa limelala uani miaka mitatu. Milango ilikuwa imeoza chini, na kwenye sakafu unaiona ardhi. Binti yake Nirmala alikuwa anaolewa baada ya wiki saba. Kwa desturi yao Wahindi, bibi harusi akiondoka kwao, nazi huwekwa chini ya tairi, gari likaipasua ndipo safari ianze. Madhuben alitaka mwanawe aondoke kwa gari la baba yake, si la kuazima.

Ignas, fundi wa mtaa wa pili, alikuwa ameshalikagua. "Yaya, hapana," alisema mbele za watu, akianza kwa Kisukuma. "Hilo ni chuma chakavu. Nazi ikipasuka, na sakafu inabaki barabarani."

Hatibu akafungua milango, akaingiza vidole chini, akatoa vipande vya mpira na lami. Akavigeuza kiganjani. Namjua mume wangu, akigeuza kitu vile kuna jambo.

"Mama Nirmala," akasema, "gari hili nimeliua mimi."

Na ni kweli. Zamani Bwana Suresh alikuwa akipeleka vitambaa Segese na Bugarama, na vumbi la barabara ile liliingia mpaka ndani ya majora. Hatibu, wakati huo fundi mpya mwenye kutafuta jina, aliziba kwa mpira na lami matundu yote ya chini ya milango. Vumbi likakoma, naye akasifiwa mji mzima. Kumbe matundu yale yaliwekwa ili maji ya mvua yanayopenya kwenye vioo yapate pa kutokea. Maji yakakaa humo, yakaozesha bati kutoka ndani. Nilipandwa na hasira. Mwanamume gani anajishitaki mwenyewe kwa mteja? Nilijua kazi imeshatuponyoka.

"Basi wewe ndiye unajua linaumwa wapi," Madhuben akasema. "Liponye."

Hatibu hakutaka puti, ule udongo laini wa kuzibia mashimo ya bati. Alisema puti juu ya kutu ni kumpaka mgonjwa poda. Alikata bati bovu lote mpaka akafika kwenye bati zima, akachomelea jipya kwa gesi, akasugua kwa brashi ya waya hadi chuma king'ae. Rangi nyekundu ya kuzuia kutu aliipaka siku hiyo hiyo, maana chuma kilichosuguliwa hakingoji kesho. Ndani ya milango alimimina nta ya nyuki, ya kutoka kwa Wasumbwa, iliyoyeyushwa pamoja na oili. Sufuria ya kuyeyushia ilikuwa yangu, na haikupika tena ugali. Mwisho akazibua matundu kwa msumari, moja baada ya jingine.

Siku ya harusi mvua ya Desemba ilinyesha asubuhi. Gari lilisimama mlangoni kwa Madhuben, jeusi, linameta, na chini ya kila mlango maji yanadondoka.

"Linavuja!" Ignas akapaza sauti. Watu wakacheka.

Hatibu naye akacheka, tena kwa nguvu ambayo sikuwahi kuisikia kwake. "Ndiyo, linavuja! Lilipokuwa halivuji ndipo lilipooza!"

Nazi ikawekwa. Nirmala akapanda huku analia. Tairi likasogea, nazi ikapasuka paa! Gari likasimama, na Hatibu, na kanzu yake nyeupe, akalala kwenye tope kuchungulia chini. Hakikudondoka kitu, hata unga wa kutu. Akainuka na tope kifuani, akagonga mlango kwa kifundo cha kidole, nao ukaitika kwa sauti nzito ya bati zima. Ignas mwenyewe akavua kofia.

Nikapiga vigelegele mpaka koo likaniuma, na leo nakiri: havikuwa vya bibi harusi.