Mdahalo wa Viboko

Nilipokabidhiwa klabu ya mdahalo, mada zilikuwa zimechakaa. Mjini na kijijini, baba na mama, daktari na mwalimu. Watoto walikuwa wakizirudia tangu shule ya msingi na hoja wamezikariri mpaka mahali pa kukohoa. Mimi huchoshwa haraka na vitu vya namna hiyo. Nikawatangazia kidato cha tatu kwamba kuanzia sasa mada wataandika wenyewe kwenye vikaratasi, tutavikunja, tutavitia kwenye ndoo ya kudekia, na kitakachookotwa ndicho kitakachojadiliwa.

Upande nao ukawa wa kuokota. Ukiokota kupinga, unapinga, hata kama moyoni unaunga mkono. Niliwaambia kwamba anayeweza kutetea asichokiamini ndiye anayejifunza kufikiri, na maneno hayo niliyasema kwa madaha kweli. Mvulana mmoja akanyoosha mkono. "Madam, na mtu akisema kitu halafu kikamletea ishu?" Nikamjibu kwamba yanayosemwa kwenye mazoezi yanaishia kwenye mazoezi. Niliwapa neno langu, mgongo kwenye ubao, chaki mkononi, najiamini kama mwenye shule.

Shule yenyewe iko Manzese, inachangia ukuta na karakana za maseremala. Msemaji asiyejua kupaza sauti humezwa na mashine ya randa. Kazi ya kutunza muda nilimwomba mwalimu mwenzangu wa Uraia, ambaye meza yake ofisini ilikuwa imegusana na yangu. Tulikuwa tunakula mihogo sahani moja. Nikiumwa alinishikia vipindi, na mama yangu alipofariki alisafiri nami mpaka Mbeya, akalala chini pamoja na wafiwa. Mtu kama huyo humwekei masharti, wala hukumbuki kwamba yapo. Alikaa dirishani na simu yake, akigonga meza kwa rula muda wa msemaji ukiisha.

Siku moja ndoo ikatoa kikaratasi kilichoandikwa: "Viboko shuleni vifutwe." Darasa likalipuka. Mwenzangu akacheka mpaka akashika mbavu. "Haya sasa, leo tutasikia mengi," akasema, nami nikacheka naye.

Nafasi ya msemaji mkuu wa kuunga mkono ikaokotwa na binti mmoja mrefu, kiranja wa darasa, ambaye wakati huo alikuwa anagombea udada mkuu. Cheo kile alikitaka bila kuficha; hata sketi yake aliipiga pasi kama mtu anayejua anatazamwa. Akanifuata mbele. "Madam, mie siafiki kabisa. Mie bila fimbo saa hizi ningekuwa mtaani. Naomba nibadilishiwe." Nikakataa. Nikamwambia huko ndiko kukomaa, na kwamba nataka mfano hai. Asiye na mfano hai simpi alama.

Akautoa. Alimsalimu mheshimiwa mwenyekiti, katibu na mtunza muda asiyependelea, kama walivyozoezwa wote, halafu akaacha kukariri. Akasimulia habari ya mvulana wa kidato cha pili aliyechapwa viganjani asubuhi ya mtihani, akashindwa kushika kalamu, akakusanya karatasi tupu. Hakumtaja aliyechapa. Shule nzima ilijua kuwa ni mkuu wa shule. "Waheshimiwa, fimbo ile ilimfundisha nini?" akauliza, na ingawa randa ilikuwa inanguruma ng'ambo ya ukuta, kila mtu alimsikia. Mwili ulinisisimka. Aliporudi kukaa akamwambia jirani yake, "Wala siamini nilichosema, ila nimetisha, eti?" Mwenzangu alipiga makofi kuliko wote, akasahau hata rula yake.

Jumatatu, mstarini, mkuu wa shule akamwita binti yule mbele. Akamwambia kwamba mchochezi hawezi kuwa kiongozi na jina lake limeondolewa. Kisha akaongeza, kwa sauti ya mtu anayetangaza zamu za usafi, "Na msidhani hatujui mnayoongea huko. Mwalimu wenu wa klabu ndiye aliyenieleza."

Kwa watoto, mwalimu wa klabu alikuwa mimi. Nyuso zikaanza kunigeukia, mmoja, halafu mwingine, mpaka nikatazama chini. Mwenzangu alikuwa amesimama pembeni yangu, anatengeneza mtandio.

Sikuhitaji kupeleleza. Nilimuuliza ofisini, wala hakukana.

"Aliniuliza mazoezi yanaendaje, nikamwambia. Ulitaka nimdanganye bosi?"

"Ulimwambia kwamba upande ule mtoto aliuokota tu?"

"Shoga, hayo hakuniuliza."

"Na neno nililowapa watoto?"

"Si ulilitoa wewe?" Akaisogeza sahani ya mihogo upande wangu, kama kawaida yetu.

Niliumia. Ningekuwa nimegombana naye hata siku moja ningepata pa kuiweka ile hasira, lakini huyu alikuwa amenishika mkono kaburini. Haukupita muda akahamia ofisi ya taaluma, yenye feni na mlango wa kufunga, na bado akipita alinisalimia kwa bashasha. Nami nilimjibu salama.

Kwa mkuu wa shule nilikwenda pia. Nikamweleza habari ya ndoo na vikaratasi, kwamba binti yule mwenyewe anaamini viboko kuliko hata sisi. Alinisikiliza huku anasaini barua zake. "Upande aliuokota, mwalimu," akasema. "Na yule mvulana wa mtihani, naye aliokotwa kwenye ndoo?" Nikatoka mikono mitupu.

Ikabaki kazi niliyoiogopa zaidi. Nilimwita binti yule barazani baada ya kipindi, tukiwa wawili tu, nikamweleza kila kitu. Nikamwambia si mimi niliyepeleka maneno. Nikamtajia aliyeyapeleka, nikamweleza nilivyomkabili na alivyonijibu, na nilivyokwenda kumtetea yeye mwenyewe kwa mkuu. Niliongea kwa mpangilio, jambo baada ya jambo, maana nilitaka aniamini kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote katika shule ile. Alisimama mikono nyuma, kama wanavyosimama mbele yetu sote, ananisikiliza kwa makini. Nilipomaliza, akanitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu mstarini. Hakukuwa na kejeli yoyote katika sauti yake.

"Umejenga hoja vizuri, madam," akasema, kisha akaomba ruhusa ya kurudi darasani.