Majogoo Watatu Weupe

Jamani, hili jambo nimelificha vya kutosha, na kwa kuwa Ilongero nzima wanalijua na wanalicheka hata mbele yangu, sioni sababu ya nyie kubaki bila kulijua. Aibu yenyewe ilinikuta asubuhi kweupe, nimechuchumaa nyuma ya nyumba yangu na bakuli la mtama mkononi, watu wamenizunguka kama wamekuja msibani, na kama ardhi ingekuwa inapasuka kwa kuombwa basi mimi ningekuwa nimeshazikwa zamani.

Kwa wasionijua, naitwa Mariamu, mama Shabani, na kazi yangu ni kuagua. Bibi yangu mzaa mama alipofariki aliniachia kigoda, kibuyu na sauti yake. Nikikaa kwenye kile kigoda nikafumba macho, bibi anapanda, anasema kupitia mdomo wangu. Siku za kawaida watu huja na mambo ya kawaida: mbuzi kapotea, mke karudi kwao, binti kila mchumba anayemjia anakunywa chai anaondoka harudi tena. Hayo bibi anayajua (na asipoyajua yeye nayajua mimi, maana pampu ya maji iko mbele ya nyumba yangu na wanawake wakisubiri ndoo zijae huwa wanaongea).

Lakini msimu wa uchaguzi ni kitu kingine kabisa. Uchaguzi ukikaribia hakuna anayetafuta mbuzi tena. Watu ambao miaka mitano walikuwa wanapita hapa wakiangalia upande wa pili, ghafla wanakusalimia mpaka kuku wako, wanabeba jeneza la marehemu wasiyemjua na wanalia kuliko wafiwa, halafu jioni wanakuja kwangu wamejifunika shuka usoni kuuliza swali moja tu: nitashinda? Na mimi niwaambie ukweli leo, bibi yangu mambo ya kura hayajui. Hata alipokuwa hai hakuwahi kupanga foleni ya kupiga kura, alikuwa anasema jua ni kali. Nikimuuliza habari za udiwani ananyamaza kimya, nabaki peke yangu pale kwenye kigoda na kibuyu changu.

Sasa mwaka huo chama kimoja hapa kwetu kilikuwa na wagombea watatu wa udiwani, na kabla ya uchaguzi wenyewe lazima wanachama wapige kura za maoni kuchagua mmoja. Wa kwanza kuja kwangu alikuwa diwani aliyekuwepo, tunamwita Mzee Koti kwa sababu havui koti hata jua la saa saba. Alinikuta napepeta uwele, maharage yako jikoni yanaanza kuungua, na bibi yuko kimya kama kawaida yake. Ningesema tu sioni kitu, mzee wangu akaenda zake, ningekula maharage yangu kwa amani. Badala yake nikafumba macho nikasema neno la kwanza lililonijia.

"Siku ya kura, kabla jua halijachomoza, chukua jogoo mweupe asiye na doa, panda naye lile jiwe kubwa nyuma ya nyumba yangu, umwachie. Akishuka upande wa mashariki, kiti ni chako. Ila usifungue mdomo kwa mtu yeyote mpaka ashuke, hata nyumba ikiungua."

Akashukuru sana. Mimi pesa sichukui, mizimu yetu haipendi pesa, lakini hakuna anayesema mizimu haipendi kuku, na upande wa mashariki wa lile jiwe ndiko uliko uwanja wangu. Mnaona akili hiyo.

Siku ya pili yake akaja Jofrey, kijana wa bodaboda mwenye maneno mengi, naye nikampa jogoo wake na jiwe lake lilelile. (Nilifikiria kumbadilishia jiwe, na mawe Singida hayajawahi kuadimika, lakini jogoo akishuka jiwe jingine si ataingia kwa jirani?)

Wa tatu ndiye aliyeniponza. Alikuwa Mwalimu Salome, rafiki yangu tangu tukiwa wadogo tunatoana funza miguuni, aliyefundisha nusu ya watu wa kata hii na kuwachapa nusu hiyohiyo. Hakujifunika shuka. Alikuja mchana, akakaa chini kwenye mkeka, akanishika mkono.

"Mariamu, nimestaafu, nina wajukuu, nina shamba la alizeti. Niambie ukweli kama rafiki. Nigombee, au nijitoe mapema nisijiaibishe uzeeni?"

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema, shoga yangu, sijui. Basi, maneno matatu tu. Lakini niliona akinitazama kwa imani, nikaogopa kumpoteza, nikafumba macho nikamwambia habari ya jogoo mweupe. Alipoondoka nilijisikia vibaya, nikasema moyoni nitamwambia kesho, na kesho ikawa ya kuvuna uwele, na keshokutwa nikaanza kuwafikiria majogoo watatu kwa pamoja, wawili wa kufuga na mmoja wa pilau. Nikaenda mbali zaidi. Siku tatu nzima nilikuwa namwaga mtama mstari mwembamba kutoka kwenye jiwe mpaka mlangoni kwangu, nikiwazoesha kuku wangu njia, ili hao wageni wakifika wasisumbuke kutafuta. Tamaa mbele, mauti nyuma.

Siku ya kura ikafika. Giza halijaondoka vizuri niko nyuma ya ua wa minyaa na bakuli langu. Mzee Koti akaja wa kwanza, kamficha jogoo ndani ya koti. Hajakaa sawa akaibuka Jofrey na jogoo ndani ya begi la mgongoni, kichwa kimetoka nje. Halafu Salome na kikapu. Wakakutana juu ya jiwe, wakaangaliana, na kwa kuwa nilikuwa nimewakataza wote kuongea, hakuna aliyeuliza mwenzake unafanya nini hapa. Wakatoleana macho tu.

Wakawaachia. Enyi watu, nani aliwahi kuweka majogoo watatu pamoja akategemea washuke jiwe kwa utulivu? Walipigana vita ambayo sijaiona maishani, manyoya yanapaa, na wenye majogoo wamesimama pembeni mabubu, wanaomba Mungu kimoyomoyo. Jua likachomoza. Na ile njia chini ya jiwe ndiyo ya kwenda shule, ambako kura zilikuwa zinapigwa, na pia ndiyo ya kwenda gulioni, kwa hiyo kila aliyepita alisimama. Wenye vitunguu wakatua vikapu. Watu wakaanza kuuliza kulikoni, wagombea wakajibu kwa kutikisa vichwa.

Ndipo akafika Bibi Monika. Huyu ndiye mwanamke mzee kuliko wote tulio nao, mkunga, wengi wetu tumepokelewa na mikono yake, na hata akiwa mbali kiasi gani ukimwona unainama unampa shikamoo yake. Akasimama na fimbo yake, akasubiri. Kimya. Akasubiri tena. Umati wote ukanyamaza, maana kwetu mtoto asiposalimia mkubwa haulizwi ana nini, wanaulizwa wazazi wake.

"Koti," akasema, "mimi ndiye niliyekukata kitovu. Leo unaniangalia kama nguzo ya umeme?"

Mzee Koti akavimba mashavu, akaonyesha jogoo kwa kidole. Bibi akamgeukia Jofrey. Jofrey akatoa simu, akaandika ujumbe haraka haraka, akashuka kidogo akamwonyesha Bibi Monika, ambaye hajui kusoma hata herufi moja. Bibi akaitazama ile simu, akamtazama Jofrey, akasema kwa Kinyaturu maneno ambayo siwezi kuyaweka hapa.

Halafu akamtazama Salome. Mimi nilimwona Salome vizuri. Mwanamke aliyewachapa watoto wa watu miaka yote hiyo kwa kutosalimia, leo kakabwa na udiwani kooni. Akakitazama kile kikapu kitupu, akashusha pumzi, akapiga goti palepale kwenye jiwe.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Kumbe mdomo unao. Hawa wenzako nani kawaziba?"

"Tumekatazwa kuongea, bibi."

"Na nani?"

Salome hakujibu, na nasema wazi kwamba hakutaka kunitaja. Waliojibu ni majogoo. Wakiwa wamechoka kupigana, mmoja akauona mtama wangu, akaanza kudonoa, wenzake wakafuata, wakashuka jiwe (mashariki kabisa, kama nilivyotabiri), wakafuata ule mstari punje kwa punje, na umati ukawafuata nyuma taratibu kama maandamano, mpaka nyuma ya minyaa, mpaka miguuni kwangu mimi niliyechuchumaa na bakuli, nikiwa bado nawaita kwa sauti ndogo.

Salome akanitazama mimi, akatazama majogoo watatu weupe.

"Hata mimi, Mariamu?"

Hakupaza sauti. Afadhali angenitukana. Watu walikuwa wameanza kucheka, na kicheko ningekivumilia, lakini lile swali liliniingia mpaka kwenye mifupa.

Na mimi badala ya kuomba radhi, unajua nilifanya nini? Nikajaribu kupandisha. Nikafumba macho, nikatetemeka, nikatoa sauti nzito, "Mimi bibi yake Mariamu nawaambia..."

"Simama," akasema Bibi Monika. "Bibi yako nimesuka naye ungo miaka mingi. Hakuwa na sauti hiyo, na hakuwahi kuiba kuku."

Nikasimama. Nikasema mbele ya watu wote kwamba sikuona kitu, kwamba bibi yangu hakusema neno, kwamba Mzee Koti nilimdanganya kwa haraka ya maharage, Jofrey nilimdanganya kwa mazoea, na Salome nilimdanganya kwa woga. Nililia kidogo. Bibi Monika akakaa kwenye kigoda changu bila kukaribishwa, akatoa hukumu: yeye amenyimwa shikamoo mbili, kwa hiyo kuna faini. Majogoo wote watatu wachinjwe, wapikwe kwangu, kwa kuni zangu, unga wangu na mafuta yangu ya alizeti, na wagombea wote wakishapiga kura waje wale sahani moja, kwa sababu siku tatu zilizopita vijana wao walikuwa wanataka kupigana mawe, na yeye amechoka kuamua ugomvi wa watoto aliowapokea mwenyewe.

Nikapika mpaka mgongo ukakataa. Saa nane walikuja, Mzee Koti, Jofrey na Salome, wakanawa kwenye beseni moja, wakakaa kuzunguka sinia moja la ugali wa uwele, na kufikia tonge la tatu Mzee Koti alivua koti. Naapa, alivua, watu wa pampuni walikuja kuchungulia. Jofrey akawaigiza majogoo walivyokuwa wanapigana mpaka Bibi Monika akapaliwa na firigisi. Salome ndiye aliyekuwa anagawa nyama, na ilipofika zamu yangu akanipa shingo.

"Paja utakula siku utakayoniambia ukweli," akasema, wala hakutabasamu.

Jioni matokeo yakatangazwa, na aliyeshinda ni Salome. Habari ya shikamoo ilikuwa imefika shuleni kabla hata majogoo hawajafika kwangu. Mzee Koti mwenyewe alikuja kumpa mkono, akasema angekuwa mwanachama wa kawaida na yeye angempigia aliyesalimia.

Basi yakazuka mengine. Watu wakaanza kusema Mama Shabani si mtu wa mchezo, ule ulikuwa mtihani, alitaka kupima nani ana adabu. Nikikanusha wanasema nanyenyekea. Wakaja wagombea kutoka Ihanja, akaja mmoja amepanda gari kutoka Kinampanda huko Iramba, kila mmoja na jogoo mweupe kwapani. Nimewarudisha wote. (Yule wa Kinampanda jogoo wake alikuwa mnene jamani, nilimtazama muda mrefu kidogo.) Nawaambia bibi yangu hajajiandikisha kupiga kura, anayetaka kujua kama atashinda arudi kwao kwa miguu na njiani asalimie watu. Mambo ya kura sitayagusa tena mpaka nakwenda kaburini, na hata huko nikifika mjukuu wangu asiniite kwa habari hizo.

Wiki moja kabla ya uchaguzi mkubwa Salome alikuja. Tangu siku ile tulikuwa tunasalimiana tu. Akakaa kwenye mkeka ule ule, kikapu pembeni, akanishika mkono kama mara ya kwanza.

"Haya, Mariamu. Sasa unaona nini?"

Sikufumba macho. Nilimtazama, nikaogopa vilevile kama nilivyoogopa siku ile.

"Sioni kitu, shoga yangu. Sijui kabisa. Unaweza kushinda, unaweza kushindwa, na mimi nitakuja kwako kunywa chai vyovyote vile."

Akavuta kikapu, akatoa bakuli lililofunikwa kwa sahani, bado la moto, akalisogeza mbele yangu.

Lilikuwa paja, tena la jogoo mkubwa, nikalila lote na mfupa nikautafuna.