Mama Beibi wa Chumba cha Pasi

Kwa miaka thelathini na mmoja Mama Beibi amesimama kwenye pasi ya hospitali, na vidole vyake havisikii moto tena. Huinua shuka linalofuka mvuke, akalikunja mara nne, akaliweka kwenye rafu, uso mkavu kama ukuta. Wenzake husema mikono imekufa ganzi. Yeye husema imezoea.

Jina la Mama Beibi hakulitaka. Alibandikwa na wifi yake, mwanamke wa maneno matamu hata kwa paka. Siku ya tatu baada ya uzazi wa kwanza, wifi aliingia chumbani, akamfunua mtoto, akaanza: "Kabeibi ketu! Kabeibi ka shangazi! Nani kanyonya nyonyo?" Mtoto alikuwa na jina lake, tena zuri, mama mtu alilichagua tangu mimba ina miezi mitano. Wapi! Mwenye duka, Beibi. Muuza mkaa, Beibi. Na mama huitwa kwa mwanawe, hilo halina rufaa.

Mtoto alikufa kwa homa ya siku tatu, ana miaka miwili na miezi minne. Seremala aliyechonga kibao cha kaburi hakutaka kuwasumbua wafiwa, akawauliza majirani pale nje: "Marehemu akiitwa nani?" Wakamjibu walichokijua. Mama mtu alipofika kukiona, rangi ilikuwa imeshakauka: BEIBI, na tarehe mbili. Alikitazama. Hakulia. Alirudi nyumbani, akafua nepi zilizokuwa zimelowekwa kwenye beseni, akazianika, na zilipokauka akazikunja zote. Watu wakaendelea kumwita lile la kwenye kibao, naye akaendelea kuitika abee.

Alizaa tena, mtoto wa kiume, ambaye leo ni dereva wa lori la maziwa. Mkewe dereva alipojifungua binti, dereva alikuja mpaka chumba cha pasi.

"Mama, nimemrithisha jina la dada. Lile lenyewe. Umefurahi?"

"Nimesikia," akasema mama yake, akavuta shuka jingine.

Tangu siku hiyo alikuwa na haja moja tu: asikie mtu akimwita yule mtoto kwa jina lake. Hakusikia. Mkamwana wake, msusi mcheshi, alikuwa na kamusi nzima. Kabeibi. Kamamii. Kapudini ka mama. Mtoto hali, anafanya nyamnyam. Halali, anakwenda lalaa. Alipoanza kusimama dede, Mama Beibi hakusema neno, maana dede tulilikuta kwa mama zetu. Mengine yalimkata maini.

"Mwanangu, huyu ana jina," akasema siku moja.

"Ni mapenzi tu, mama!"

"Mapenzi yana kazi nyingine. Mwite jina."

Akasema mara ya pili, na ya tatu. Ya nne msusi akavimba. "Mama, kila nikija hapa nasahihishwa kama daftari! Basi simleti tena, ubaki na amani yako."

Wiki tatu mtoto hakuletwa. Mama Beibi akajikaza kisabuni, akapiga pasi. Alipojipapasa moyoni atafute mahali panapouma, alikuta pamelala tu, kama vidole vyake.

Kisha ikafika chanjo ya miezi tisa. Dereva yuko safari, foleni ya kliniki imetoka mpaka nje. Msusi akapiga simu: "Mama, uko karibu, njoo unisaidie." Mama Beibi akavuka ua wa hospitali na aproni yake.

Kwenye mabenchi kila mama alikuwa akidanganya. "Kasindano kadogo tu." "Ni kasisimizi kanauma." Msusi naye alikuwa akimrusha mwanawe mapajani: "Nani atadungwa? Beibi! Nani?"

Muuguzi akatokeza mlangoni na kadi. Koti lake Mama Beibi alikuwa amelipiga pasi jana yake. Akasoma jina la mtoto, na la baba. Kimya. Akarudia. Msusi anacheka na mwanawe, sikio lake halijalizoea jina lile.

"Hayupo? Haya, kadi inakwenda chini."

Miaka thelathini na minne Mama Beibi hakuwa amelisikia likiitwa mbele za watu.

"Yupo," akasema. Akasimama, akamchukua mtoto mapajani kwa mama yake, akaenda.

Msusi akamkimbilia, uso umemwiva kwa aibu. "Mama, nisamehe. Si kwamba nimelisahau. Naogopa. Ni jina la marehemu. Nikilitaja naona kama namwambia mtoto amfuate."

Mama Beibi hakugeuka. "Marehemu ni Beibi. Nenda kasome kibao. Hili jingine halijazikwa popote."



"Mshikeni mkono vizuri," muuguzi akasema, sindano tayari. "Nihakikishe kadi. Anaitwa nani?"

Mama Beibi alilijua. Akamtazama mkamwana wake. Msusi akalitaja polepole, lote. Mtoto wala hakugeuza kichwa, atalijuaje? Sindano ikaingia, akalia kilio cha watu wazima.

"Pole," msusi akambembeleza, akaanza "Kabe...", akaacha. Akalitaja tena lile jina, safari hii bila kuulizwa.

Mama Beibi akamrudishia mtoto, akanyoosha aproni. Hakutabasamu. Aliondoka taratibu, maana mashuka ya wodi ya wazazi yalikuwa yakimsubiri tangu asubuhi.

"Mama Beibi!" mtu akaita kutoka chumba cha pasi. "Mvuke umepanda!"

"Abee," akaitika. "Nakuja."