Gauni la Selina na Agnesi

Kuna Jumamosi moja, mjukuu wangu, ambayo mpaka leo nikiikumbuka naona aibu. Nimesikia kanisa limekuchagua uongoze vijana wanaokwenda kuwahudumia maskini. Nimejisifu kwa majirani wote, hata wale wasiouliza. Lakini kabla hujaenda, nisikilize.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, hapa hapa Ukunda. Fujo za kuwafukuza watu wa bara zilikuwa zimepita, wageni wa hotelini wamekimbia, hoteli za Diani zimefungwa moja baada ya nyingine. Sisi watu wa bara tuliofuata kazi hizo tukabaki vyumbani tunatazamana. Kanisa letu dogo la mabati likaanza kugawa unga na maharagwe kila Jumamosi kwa waumini waliokosa kazi. Mimi, niliyeishia darasa la tatu, nikapewa daftari la majina. Kichwa kilivimba, usiniulize. Jumapili ndimi niliyesimama mlangoni pia. Aliyekosa ibada mara mbili kwa mwezi, nilimkata jina. Sheria hiyo mchungaji hakunipa. Niliitunga mwenyewe, na hakuna aliyenizuia.

Walikuwako ndugu wawili, Selina na Agnesi, waliokuwa wakifua mashuka hotelini. Agnesi alikuwa ananyonyesha. Jumapili hii anakuja Selina, ijayo Agnesi, pamoja hawaji. Nikasema hawa wanapeana zamu ya kunidanganya. Nikawakata wote wawili. Wiki tatu hawakupata unga, na hawakuja kuuliza. Nikaona basi, wamejijua makosa yao.

Jumamosi hiyo nikaenda kwao kuwaonya. Walipanga chumba kwa Bi Mwanatumu, mama wa Kidigo, mtu mzima. Nilimkuta barazani anachambua mchicha.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba. Wewe ndiwe wa daftari?"

Nikasema ndimi, tena kwa fahari.

"Basi keti. Agnesi kaenda kutafuta nguo za watu za kufua, yu karibu kurudi. Selina yumo ndani, lakini hatoki mpaka mwenziwe aje."

"Anaumwa?"

"Haumwi. Kavaa leso. Kakuona dirishani ukija, asema mbele yako hatoki na leso, yuangoja gauni."

Nikacheka, nikidhani ananitania, maana leso, yaani kanga, kila mwanamke huvaa nyumbani. Mara Agnesi akafika, mtoto mgongoni, amevaa gauni la buluu ninalolijua. Nililiona kanisani kila Jumapili na sikuwahi kujiuliza. Alinipita bila salamu, akaingia. Baada ya kitambo akatoka Selina. Gauni lile lile, mwanangu. Mgongo umelowa jasho ambalo si lake.

Bi Mwanatumu hakuinua hata macho.

"Huyu ulimrudisha mlangoni kwenu," akasema. "Nguo zao waliuza wakala, imebaki hiyo moja. Leso nilimpa mimi, jozi mpya, niliyoiweka ya Idi. Kwani Mungu wenu hajui leso?"

Hapo nikakumbuka. Miezi miwili nyuma nilimzuia mwanamke mlangoni, nikamwambia hapa si sokoni, nenda kavae kama mtu anayekwenda mbele za Mungu. Uso sikuutazama. Nilitazama leso.

Na nitakwambia la kunitia aibu zaidi, maana nikilificha nitakuwa nimekudanganya. Gauni nililovaa mimi siku hiyo, la maua mekundu, lilitoka katika sanduku la nguo walizoleta Wazungu kwa ajili ya waliokosa kazi. Mume wangu alikuwa na kazi. Sisi wa kamati ya ugawaji tulifungua sanduku kwanza, tukachagua, ndipo tukalitoa nje.

Nikamwambia Selina, "Nitakuletea gauni leo hii."

"Gauni sitaki, dada. Rudisha jina langu na la Agnesi. Maziwa yamemkauka. Na pale mlangoni, waache watu wapite."

Niliwapelekea unga kabla ya adhuhuri. Gauni la maua nikalifua, nikalirudisha kwenye sanduku. Jumapili nikaenda kanisani na leso, nikasimama mlangoni pangu. Mwenyekiti wa akina mama akanikodolea macho.

"Wewe, leo umeamkaje?"

"Nimeamka na leso," nikamjibu. "Ingia, unazuia watu."

Selina alikuja, naye na leso, akaenda kukaa mbele kabisa. Agnesi hakuja. Alipokea unga wa mtoto, akaniambia amenisamehe, ila mlango ule hataupita tena. Hakuupita, mpaka akahamia kijiji cha Waa. Nilimfuata mara tatu. Alinikaribisha chai, na kanisa hakulitaja. Hilo sikuweza kulitengeneza.

Kwa hiyo, mwanangu, nakuusia. Mtu akikosekana, nenda kwake kabla ya kumkata. Ukifika, tulia, usianze na maonyo kama mimi. Unga utakaougawa si wako, wewe umebebeshwa tu, usitembee nao kana kwamba uliulima. Na sheria uliyoitunga mwenyewe usimsingizie Mungu.

Nenda, mjukuu wangu. Mungu akupe macho yanayofika usoni kwa mtu. Kila baraza utakalokaa wakupokee kwa heri, na wakuage wakitamani urudi. Amina.